Dereva Kwenye Cherehani

Mgongo ulipokataa lori, mke wangu alinikalisha kwenye cherehani yake, mimi ambaye kifungo kikidondoka nanunua shati jingine. Uzi ukikatika, mguu wangu ulikuwa unatafuta breki.

"Mama watoto, samaki hukunjwa angali mbichi. Mimi nimeshakauka."

"Basi kauka huku unashona."

Nikashona foronya. Niliposimama kumwonyesha, kwa maringo, foronya ikasimama nami: nilikuwa nimeishona pamoja na pindo la shati nililovaa. Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaja na mkasi, akainama, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Lakini mshono umenyooka," akasema.

Nikamshika mkono asifumue. Mchana huo nilikula chakula huku foronya ikining'inia kiunoni, na mgeni alipopiga hodi, nilikimbilia mlangoni mimi mwenyewe.