Nyayo za Wifi Yangu

Wakwe zangu kule Kurui wanasema mimi ndiye niliyeuokoa mguu wa wifi yangu. Wanalitaja hilo kwenye kila shughuli, na mama mkwe huniombea dua nikiwa nimeketi hapohapo mbele yake. Mimi nikisikia naangalia chini, wao wanadhani naona haya.

Kazi yetu ilikuwa kuokota mipira ya gofu iliyopotea, katika uwanja mmoja nje kidogo ya Visiga. Mabwana wanatoka Dar na fimbo zao, wanapiga, na mipira mingi inaishia bwawani. Maji ya bwawa lile ni mazito, ukiingia huoni hata goti lako. Ukitumia wavu unazoa tope na magugu tu. Kwa hiyo tuliingia peku, tukakanyaga taratibu, na kidole gumba ndicho kilichotuambia hili ni jiwe, huu ni mzizi, huu ni mpira. Ofisi ilitugawia mabuti ya mvua, tukayapeleka shambani. Mwanamke aliyethubutu kuingia bwawani na mabuti tulimcheka mpaka akayavua.

Wifi ndiye aliyenifundisha. Ni dada wa mume wangu, kanizidi umri. Aliachika, hakutaka kurudi kwa mama yake Kurui kusimangwa, na kazi ile ndiyo iliyomlipia chumba chake Visiga. Alikuwa akitoka majini na ndoo imejaa wakati sisi tuna nusu. "Miguu yangu ina macho," alijisifu, "yenu ina chongo." Ndiye aliyeniombea kazi kwa msimamizi. Na ndiye huyohuyo aliyesema mbele ya wanawake wote, kwenye arobaini ya baba mkwe, mwaka wangu wa tatu bila mtoto, kwamba kaka yake analisha tumbo la bure. Nilikuwa nimeshika sinia la pilau. Niligawa chakula chote huku natabasamu, na neno lile nikaliweka.

Basi mwaka jana ndoo yake ikaanza kupungua. Anainama, anazamisha mkono, anatoa jiwe, analitupa haraka tusimwone. Mimi nilimwona. Sukari ilikuwa imemwanza. Alimeza vidonge kwa kujificha nyuma ya stoo ya mashine za kukatia majani, na nyayo zake zilikuwa zimekufa ganzi. Akawa anatembea nyuma yangu majini. "Wifi, niachie upande huu," ananiambia, kwa sauti laini ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nilimwachia upande ambao nilikuwa nimeshaupitia.

Wenzetu waliacha kazi mmoja mmoja, tukabaki wawili. Ndipo msimamizi akatangaza kwamba anataka mtu mmoja tu wa kudumu bwawani, mwingine atafute pa kwenda. Wifi akaanza kufika alfajiri kabla yangu. Asubuhi moja tulitoka majini kula muhogo, akanyoosha miguu kwenye nyasi, nikaona damu inachuruzika kwenye unyayo wake wa kushoto. Kipande cha chupa kilikuwa kimezama chini ya kidole gumba. Yeye anatafuna, anasimulia bei ya mkaa, hana habari. Nilitazama, nikageuza uso. "Tumalizie, wifi, jua linapanda," nikamwambia. Akasimama, akarudi matopeni na chupa yake mguuni.

Sikusema kitu kwa siku kumi. Unyayo ulivimba, pembeni ukaanza kuwa mweusi. Ilipokuja harufu, wifi alisema tope la bwawa limeoza, na mimi nikakubali kwamba ni tope. Nilikuwa nasubiri siku ya ukaguzi, msimamizi aje kuchagua wa kubaki.

Siku hiyo msimamizi alikuja, na makedi, wale vijana wanaobeba mifuko ya fimbo, walikuwa wamekaa ukingoni wakipiga soga. Nikapaza sauti. "Wifi, si wewe mwenye miguu yenye macho? Fumba macho nikuguse vidole, useme nimegusa kipi." Makedi wakadakia, "Waonyeshe, mamaa." Angekataaje mbele ya msimamizi? Akakaa, akafumba macho, akanyoosha miguu. Niliokota kijiti nikamchoma kidole kidogo. Kimya. Nikamchoma cha pili yake, nikamchoma cha tatu.

"Haya, anza basi," akasema wifi, macho kayafumba vilevile.

Vijana walicheka mpaka mmoja akagaragara. Nilipouchoma ule uvimbe wenyewe usaha ukatoka, na kicheko kikakatika. Msimamizi alimwondoa bwawani palepale, gari la ofisi likampeleka hospitali, wakamkata vidole viwili. Daktari alisema angechelewa kidogo tu, mguu mzima ungeondoka. Maneno hayo ndiyo yaliyofika Kurui, nami nikawa mwokozi. Nisidanganye, nilifurahi. Bwawa zima lilikuwa langu.

Wifi alikirudisha chumba kwa mwenyewe, akarudi kwa mama yake. Nilikwenda kumjulia hali na chupa ya uji usiotiwa sukari. Mama mkwe alinishikashika mikono, akamwaga dua, kisha akatoka kwenda kuchota maji. Tukabaki wawili, mguu wake umefungwa bendeji juu ya mto.

"Pole, wifi."

"Nimeshapoa." Alipokea uji, akaupuliza, akanywa kidogo. "Siku ile tunakula muhogo, nilikuona unautazama mguu wangu."

Nikakaza kifuniko cha chupa ya uji.

"Nikasema moyoni, kama kuna kitu, wifi yangu ataniambia," akasema. "Ndiyo maana sikujisumbua kuuangalia."