Kompyuta Isiyofika Agosti

Mektilda Masele hakuwa mtu wa kutupa kitu. Katika kibanda chake cha uchapaji pale Bariadi, juu ya kabati, lilikaa kopo la biskuti lenye CD za programu ya bure ya kuzuia virusi, toleo la kwanza hadi la sita, kila moja imeviringishiwa kitambaa. Vijana wa mjini walimcheka. Waache wacheke. Kompyuta yake ilikuwa kuukuu, ya tangu wanunuzi binafsi wa pamba walipomiminika na kila mtu akataka mkataba uliochapwa. Ukiiwekea toleo jipya, inaganda. Iliweza la nne tu.

La nne aliliweka mumewe, Mihayo, fundi mwenye utani. Aliondoa mlio wa programu akaweka sauti yake mwenyewe. Kila saa sita mchana, ukaguzi ukiisha, spika zilisema: "Mama Milembe, nimekagua. Hakuna mdudu. Pumzika."

Mihayo alifariki tarehe tisa Agosti 2003, wiki ileile ambayo muda wa kutumia programu ulikuwa unaisha. Mektilda akafanya alivyofundishwa na marehemu: akairudisha tarehe ya kompyuta nyuma hadi Januari, ili programu isizimike. Agosti ilipokaribia, akairudisha tena. Miaka mitatu ikapita hivyo. Nje watu walioa na kuzika. Ndani ya mashine ile Mihayo alikuwa hajaugua bado.

Ilitisha, tusidanganyane. Mzee Maganga wa Lalago alikuja kuchapisha barua, akaisikia sauti, akaitikia kwa furaha, kwa salamu ya Kisukuma, "Mwadila, Mihayo! Mbona umejificha?" Alipoambiwa Mihayo ni marehemu, alirudi kinyumenyume hadi mlangoni. Barua yake hakuifuata tena.

Kisha kazi za wateja zikaanza kuharibika. Orodha ya marehemu wa parokia, ya kusomwa siku ya kuwaombea, ilifunguka tupu, jina la Mihayo nalo limetoweka. Saa sita sauti ikasema hakuna mdudu. Kesho yake mikataba ya pamba ikaliwa. Hakuna mdudu, ikasema, kwa upole uleule. Mektilda akaanza kuiogopa sauti aliyoipenda kuliko zote duniani.

Binti yake Milembe akaja kutoka Maswa na toleo jipya, pamoja na kipande cha memori cha kuipa mashine nguvu.

"Mama, hili halifanyi kazi bila tarehe ya kweli."

Mektilda aliitazama tarehe kwenye kioo. Akikataa, wateja wangemhama na kibanda kingefungwa. Akikubali, Agosti ingefika. Mwishowe akabonyeza, na miaka mitatu ikapita kwenye kioo mara moja.

Toleo jipya lilikagua, likasimama kwenye faili moja.

Milembe alisoma. "Kirusi kimejificha kwenye sauti ya baba. Kila ikilia, kinaamka. Nifute?"

"Toa mkono. Nitafuta mwenyewe."

Akafuta. Kesho yake, saa sita mchana, feni ya kompyuta ikavuma peke yake. Mteja mmoja aliyeizoea sauti ile alitega sikio, hakusikia kitu. Mektilda akaacha kuchapa, akazigeukia spika, machozi yakimtiririka bila aibu.

"Baba Milembe, nimekagua," akasema. "Hakuna mdudu. Pumzika."