Magimbi wodini

Jumapili mchana nilikwenda kumwona jirani yangu aliyelazwa hospitalini hapa Kigoma. Kwenye kitanda cha pili alilala mzee ambaye, tangu homa imshike, alikuwa akisukuma kila kikombe cha uji. Binti yake akaingia kutoka Kalinzi na bakuli la magimbi ya kuchemsha, ameyatia mawese kidogo.

“Sista, anaruhusiwa?” alimuuliza muuguzi.

Muuguzi akaminya kipande kwa kijiko. “Yameiva vizuri, hayatamwasha koo. Yana wanga wa kumrudishia nguvu, na nyuzinyuzi za kumsaidia tumbo. Mpe.”

Mzee akageukia ukutani. Binti hakumlazimisha; alikaa ameshika kijiko, akangoja, mpaka harufu ya mawese ikamgeuza baba yake. Akatafuna polepole. Akameza.

“Mwanangu,” alisema kwa sauti ya kukwaruza, “chumvi umemwachia nani?”

Binti akacheka huku machozi yanamtoka. Jirani yangu, na plasta yake mguuni, akapiga makofi. Mzee alimaliza bakuli, akauliza kama kuna jingine.

Nimekula pilau za harusi nyingi, wasomaji, lakini sijawahi kuona mpishi aliyefurahia kulaumiwa kama yule.