Ofelia, mama wa gesi aliyekataa kujaza tangi

Jua ndiyo kwanza linachungulia, baridi ya jangwa la Arizona bado inauma masikio, na Ofelia Barraza ameshaanza kufoka.

"Zima friji! Zima hita! Na wewe Roscoe, hiyo sigara kaivutie Mexico!"

Roscoe Tibbets, dereva mstaafu wa mabasi ya shule, anainua mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi. Anaikanyaga sigara kwenye changarawe.

"Hata salamu, mama? Hujambo, umeamkaje, hakuna?"

"Salamu baadaye. Ukilipuka nitamsalimia nani?"

Anavuta mpira mrefu kutoka nyuma ya lori lake jeupe, anapiga goti, anafungua kabati lililo ubavuni mwa gari-nyumba la Roscoe na kuuunganisha mpira na tangi. Kisha analegeza kiskurubu kimoja kidogo kwa bisibisi na kutega sikio. Gesi inaingia kwa mvumo wa chini. Kiskurubu kinapoanza kutema ukungu mweupe, ishara kwamba tangi limefika kiwango chake, anafunga papo hapo.

Wageni hulalamika kwamba amewapunja, maana tangi halijajaa. Jibu lake ni lile lile kila msimu. "Wewe umewahi kupika maharage? Chungu ukikijaza hadi mdomoni, kikichemka si kinamwagika? Gesi nayo jua likipanda inataka mahali pa kujinyoosha."

Ofelia ana umri wa miaka hamsini na sita. Ni mfupi, ana mabega mapana na sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Kambi ya Coyote Wash, wanakokuja wastaafu wenye magari-nyumba kila majira ya baridi, inamtegemea kwa joto, chai na maji ya kuoga. Anayetaka gesi huweka ndoo kifudifudi mbele ya gari lake, naye akiiona husimama.

Mimi pia nimepaki hapa, huu msimu wa sita, na ninajua ninachokisema: tangi la gari-nyumba halitoki. Limefungwa kwenye chasisi ya gari. Ukitaka kulipeleka likajazwe, unalipeleka na nyumba nzima. Ukunje turubai la kivuli, uchomoe maji, uchomoe umeme, uanue mikeka, uingize ndani vyungu vya maua vya mkeo, halafu ukirudi uanze upya. Kwa wastaafu wenye magoti mabovu, hiyo ni adhabu.

Lori hili zamani lilikuwa la mumewe, Rubén. Mgongo ulipomshinda kwa miaka ya kubeba mitungi, Ofelia alikuwa mpishi katika shule moja mjini. "Nilimwambia, nifundishe. Akasema, 'Utaogopa.' Nikamwambia, mimi nimelisha watoto mia nne wenye njaa kwa wakati mmoja, gesi itanitisha nini?"

Siku nzuri hubakiwa na kama dola mia na sabini, akishatoa dizeli, bima na gharama ya gesi yenyewe. Kuanzia Mei kambi huwa tupu, jua linachoma hata mijusi, naye huenda kupanga matikiti katika kiwanda cha kufungasha matunda. Kila Oktoba anarudi kuwatafuta wateja wake, na kila Oktoba kuna mmoja au wawili hawapo. Hilo, anasema, halizoeleki.

Mwezi uliopita nilipanda naye lorini nikiwa na nia ya kuandika makala nyepesi kuhusu mama wa gesi. Asubuhi hiyo tulisimama kwa Orrin na Alma Hegstad, na wepesi ukaishia hapo.

Hao ni wazee wa Dakota Kaskazini. Orrin ana miaka themanini na mitatu, Alma themanini na mmoja, na wameoana miaka hamsini na minane. Alma ana mapafu dhaifu, hawezi baridi kabisa. Kambi nzima inajua pia kuhusu mtoto wao, Leland. Tangu mwaka jana Leland amekuwa akisema kwamba wakipata mkasa mmoja tu, mmoja, basi jangwa limekwisha: mama atakwenda nyumba ya kulelea wazee, na baba atapewa chumba cha chini nyumbani kwake. Nyumba hiyo ya wazee haina nafasi ya wawili.

Orrin alikuwa nje anatusubiri, kofia kichwani, amechangamka.

"Karibu, binti yangu! Mwaka huu nimewakomesha! Msimu uliopita panya walinitafunia waya zote. Sasa hawapati hata tundu la sindano!"

Panya wa jangwani kweli ni balaa. Kila mtu hapa huziba matundu ya gari lake kwa zile nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, kwa sababu panya hawezi kuzitafuna. Mimi nimeziba, Roscoe ameziba. Orrin alikuwa ameziba kuliko sisi sote.

Ofelia alifungua kabati la gesi, akarudi nyuma hatua moja. Harufu ya mayai viza, ile ya gesi inayovuja, ikanifikia hata mimi niliyesimama kando.

"Mzee, umeziba mpaka huku chini?"

"Kila mahali!" Orrin akajibu kwa fahari.

Yale matundu ya chini ya kabati la gesi hayakuachwa na fundi kwa bahati mbaya. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja, hushuka, na matundu yale huipa njia ya kutokea nje. Orrin alikuwa ameyashindilia nyuzi za chuma, yote. King'ora cha gesi kilichomo ndani ya gari kilikuwa kimya, kwani gesi yenyewe ilikuwa bado imejikusanya kabatini.

Ofelia alibadilika mbele ya macho yangu. Mzaha wote ulimtoka. Alikaza koki ya tangi, akasema kwa sauti ya chini sana, "Mzee, usiguse swichi yoyote. Alma yuko wapi?"

"Amelala. Kwani..."

"Usiwashe taa. Usizime taa. Baki nje, mimi namtoa."

Ofelia alimtoa Alma akiwa na gauni la kulalia na makoti mawili juu yake, akamketisha kwenye kiti cha turubai upande upepo unakotokea. Alikuwa akitetemeka. Ofelia alivua koti lake mwenyewe akamfunika miguu, kisha akarudi na koleo na kuanza kuchomoa zile nyuzi, bonge baada ya bonge. Hewa ilipokwisha kusafika alipaka povu la sabuni kwenye maungio. Penye regyuleta, kifaa kinachopunguza nguvu ya gesi itokayo tangini, povu likaanza kuvimba vipovu vidogo vidogo.

Akaenda lorini, akarudi na kadi nyekundu yenye waya. Kadi hiyo ikishatundikwa kwenye tangi, hakuna mwenye leseni ya gesi atakayelijaza mpaka fundi aliyesajiliwa alitengeneze na kulipima. Na msimamizi wa kambi akiiona, lazima awapigie ndugu wa mwenye gari.

Orrin alilijua hilo. Uso ulimshuka.

"Binti yangu, hebu ngoja. Usiitundike. Mimi nimefunga mashine za nafaka maisha yangu yote, hiyo nati nitaikaza mwenyewe. Wewe nijazie kidogo tu. Robo."

"Siwezi, mzee."

"Robo tu! Leland akisikia atatutenganisha. Unajua atatutenganisha!"

"Najua."

"Unajua, na bado unatundika?"

"Nakupenda, mzee. Ndiyo maana sijazi."

"Kupenda!" Orrin alitema mate kando. "Ungekuwa na moyo ungejaza. Ondoka mlangoni kwangu!"

Ofelia aliitundika kadi. Kisha akaingia lorini, akafunga mlango, akalia. Nilijifanya naangalia milima.

"Mwaka wa saba namjazia," aliniambia baadaye. "Ananiita binti yake. Mimi baba yangu alikufa nikiwa mdogo, sikupata mwingine wa kuniita hivyo. Sasa nimemchukulia mke wake. Ndivyo anavyoona, na mimi nitamwambia nini?"

Aliyekata shauri ni Alma, kutoka pale kitini.

"Orrin, nipe simu."

"Ya nini?"

"Nimpigie mwanangu kabla hajapigiwa na mtu mwingine."

"Alma, usi..."

"Miaka hamsini na minane nakusikiliza. Leo nisikilize wewe. Lete."

Alipiga. Tulimsikia sote, maana haya masikio ya uzeeni humfanya mtu aongee na simu kama anahutubia mkutano. "Leland, ni mama. Tu wazima. Baba yako ameziba matundu ya gesi kwa ajili ya panya... Ndiyo, tungeweza kufa. Huyu mama wa gesi ametutoa... Hapana, usimgombeze baba yako, ameshajigombeza. Njoo. Lakini uje kwanza, useme baadaye. Umenielewa? Uje kwanza."

Leland akasema anakata tiketi ya ndege.

Fundi aliyesajiliwa alikuwa mbali, hangeweza kufika mpaka wiki ifuatayo, na Alma asingeweza kulala hata usiku mmoja bila hita. Roscoe alijitolea kuwapa kitanda chake, lakini kwa moshi ule wa sigara ingekuwa kuruka majivu na kukanyaga moto. Ofelia hakuuliza mtu. Alimpakia Alma mbele ya lori, akamgeukia Orrin.

"Mzee, panda."

"Sipandi lori lako."

"Basi tembea. Ni maili kumi na mbili. Chakula tunakula saa kumi na mbili jioni."

Orrin alipanda. Njia nzima alitazama dirishani kama mtoto aliyenyimwa peremende.

Nyumbani kwa Barraza, Ofelia na Rubén waliwaachia wageni chumba chao, wao wakalala sebuleni. Orrin hakumsemesha Ofelia jioni ile, wala kesho yake. Alikula maharage yake, akala tortila zake, zile chapati za mahindi, akamshukuru Rubén. Ofelia akamwongezea chakula vile vile.

Siku ya tatu asubuhi Orrin aliingia jikoni, akamkuta Ofelia anaosha vyombo. Akachukua kitambaa, akaanza kukausha sahani. Hili nimesimuliwa na Rubén.

"Usiku nimemsikiliza Alma anavyopumua," Orrin alisema. "Nikawaza, kama ungenijazia ile robo." Akakausha sahani nyingine. "Nisamehe, binti yangu."

"Nilishakusamehe tangu mlangoni," Ofelia akamjibu. "Hiyo sahani bado ina maji."

Leland alifika siku hiyo hiyo, mtu mkubwa mwenye uso wa kuchoka, amekuja na maneno yake tayari. Alimkuta mama yake mezani, mashavu mekundu kwa joto la jiko, anamfundisha Rubén mchezo wa karata na kumwibia waziwazi. Aliketi. Maneno aliyokuja nayo hakuyasema, si wakati ule.

Baadaye alimfuata Ofelia nje kwenye lori. "Niambie ukweli. Wangekuwa wazazi wako, ungewaacha pale?"

Nilikuwa pale lorini, nikitegemea Ofelia awatetee. Hakuwatetea. "Sijui," alisema. "Siwezi kukuahidi kwamba hapatatokea jambo. Ninachojua ni kwamba nilipokuwa namtoa mama yako, hakuuliza vitu vyake. Aliuliza, 'Orrin katoka?' Basi. Mengine ni yako, kaka."

Leland akasema wazazi wake watabaki mpaka Aprili. Baada ya hapo, basi, watarudi naye Dakota, na huko atatafuta nyumba inayopokea wawili, hata kama ni mbali na kwake. Hakuahidi kwamba ataipata. Aliahidi kutafuta.

Wiki iliyofuata fundi alikuja, akabadilisha regyuleta, akapima, na kadi ikaondolewa. Kazi yote haikufika hata saa moja.

Hicho ndicho kinachomkera Ofelia hadi leo. "Ningeweza kuifanya mimi. Naijua nati ile kama ninavyoijua pete yangu. Lakini leseni yangu ni ya kujaza, si ya kutengeneza. Kwa hiyo mimi kazi yangu ni kumwambia mzee hapana, halafu niondoke? Kutundika kadi najua. Nataka nijue na kuiondoa."

Amejiandikisha kufanya mtihani wa ufundi wa gesi mwezi Machi. Alasiri, akimaliza mzunguko, hupitia kwa akina Hegstad. Orrin huvaa miwani na kumuuliza maswali kutoka kwenye kitabu, kwa ukali wa mwalimu mkuu, na akikosea humwambia aache uvivu. Alma huyajibu kwa kunong'ona kutoka dirishani, na mara nyingi hukosea yeye pia.

Nilimuuliza Ofelia akifaulu atafanya nini kwanza.

Alifikiri kidogo, mpira wa gesi begani. "Aprili wataondoka, na mimi si mtoto, najua huenda hawatarudi. Lakini kabla hawajaondoka nataka nilifungue lile tangi, nibadilishe kila nati kwa mkono wangu, nilijaze, niliwashe na jiko lao. Wakifika huko na gari lao, hata wakiwekwa vyumba viwili, Alma akiulizwa nyumbani kwenu wapi, asiseme 'tulikuwa na nyumba.' Aseme 'tunayo, na jiko lake linawaka.'"