Pete Nyeupe Ndani ya Zizi

Shule nilisoma mpaka darasa la pili, nikaona inatosha. Sisemi kwa aibu. Mikono hii imejenga nyumba ya bati pale Musoma, na wenye vyeti wamepita mlangoni kwangu wakiomba kazi. Lakini kuna pete moja niliyoitengeneza nikiwa kijana, na kila nikiikumbuka inanijia kama kitu cha ndotoni: nyeupe, imelala ndani ya tope, ng'ombe wanapita juu yake, na mvua haikatiki.

Miaka ile baada ya Uhuru nilifanya kazi kwa sonara wa Kihindi, mzee wa maneno machache, duka lake halikuwa mbali na mwalo wa Mwigobero. Nilianza kwa kuvuta mivukuto, baadaye akanipa nyundo. Asubuhi upepo wa ziwa uliingia na harufu ya dagaa ukaitikisa mizani yake midogo, naye akakunja mikono akaingoja itulie. Hakuwahi kuharakisha upepo.

Siku moja alifungua kikopo akamimina mezani vitone vyeupe, vidogo kama ulezi.

"Hii nini?"

"Fedha," nikasema.

"Fedha nakuwa nyeusi. Hii hapana. Hii paladiamu."

Alikuwa amenunua mitambo chakavu ya simu kutoka Nairobi, akavinyofoa vitone hivyo kwenye ncha za vyuma. Akanieleza kwamba simu ikiunganishwa, ncha mbili zinagusana na umeme unapita. Ncha zikishika uchafu, mtu hasikiki. Ndiyo maana wanaweka madini haya, maana hayana habari na kutu. Yanachimbwa pamoja na platinamu na nikeli, huko kusini kwa Makaburu na huko Urusi kwenye barafu. Kuna wanaotengenezea meno ya bandia. Na ukiyatia kidogo kwenye dhahabu, dhahabu inaacha unjano wake.

Mimi akili ilikuwa imeshaondoka. Nilivikusanya kiganjani nikawaza maneno yote yaliyopita humo: karani anauliza bei ya pamba, mama anaambiwa mwanae amefika salama, mtu anapewa habari ya msiba halafu kimya. Niliona kama vina joto, kama vimetoka kuongea sasa hivi.

Wakati huo nilikuwa natafuta mke. Msichana mwenyewe alikuwa upande wa Bunda, binti wa mzee mwenye ng'ombe na shamba la pamba. Mimi na yeye tulishaelewana. Tatizo lilikuwa mahari. Ng'ombe niliokuwa nao hawakumtosha baba yake, na karani mmoja wa pamba alishaanza kupita pale na baiskeli yake mpya. Nilikuwa na dhahabu kidogo niliyoiosha mwenyewe kwenye vijito vya kwetu, upande wa Butiama. Nikapanga nitengeneze pete ambayo Bunda nzima haijaiona, isimame badala ya ng'ombe waliopungua.

Sonara akanipa vile vitone, zawadi ya harusi. Tulivuta mivukuto mpaka nyusi zikaungua, vitone vikakaa tu kwenye moto, vinang'aa, vinatucheka. Mkaa peke yake hauviwezi. Basi tukayeyusha dhahabu kwanza, tukavidondoshea humo. Vikazama taratibu kama sukari kwenye chai, na ule unjano ukafifia mbele ya macho yangu kama jua linapoingia kwenye wingu. Kilichobaki kilikuwa na rangi ya ziwa alfajiri. Nikakifua mpaka kikawa pete.

Nikaipeleka Bunda. Mzee aliishika mbali na uso, akaigeuza.

"Hii sufuria umeikata wapi?"

"Baba, hiyo ni dhahabu."

"Dhahabu ni njano. Hata mimi nimeionaga kwa mapadri."

"Imechanganywa na paladiamu, baba."

"Na nini?"

"Paladiamu."

"Kijana, usiniletee majina ya dawa za kupe." Akatema mate pembeni. "Sikiliza. Mimi nilikuwaga nafukia shilingi zangu zizini, zile za wakoloni. Nikizifukua, nyeusi kama masizi. Kitu cheupe kikilala kwenye samadi, uongo wake unatoka. Hii pete yako italala hapo langoni mpaka mvua ziishe. Ikitoka nyeupe, tutaongea. Ikitoka nyeusi, usirudi hapa, na binti ataenda kwa karani."

Nikakubali mbele za watu. Ningefanyaje? Akaitia kwenye kigae cha chungu, akakijaza samadi mbichi, akachimba chini ya lango na kufukia. Jioni ng'ombe wakarudi wakapita juu yake.

Nilirudi Musoma kifua mbele. Nikakuta duka limefungwa. Sonara alikuwa ameondoka na familia yake, wengine wakasema Kampala, wengine wakasema ng'ambo. Hapo ndipo hofu iliponiingia. Maana mimi paladiamu niliijua kwa mdomo wake tu. Kama vile vitone vilikuwa fedha ya kawaida, au bati la simu, mke wangu alikuwa anaozea zizini na mimi niko hapa nafua bangili za watu kwa kibarua.

Mvua za mwaka ule zilinyesha kama zimetumwa. Nilipanga chumba kidogo, maji yakigonga bati mchana kutwa, na mimi nikifumba macho nilikuwa chini ya lile lango. Niliziona kwato zikishuka polepole kama nyayo za watu wanaotembea kanisani. Nilisikia sauti zikitoka kwenye tope, moja inauliza bei ya pamba, nyingine inasema haloo, haloo, na hakuna anayeitikia. Safari nyingine pete ilikuwa inakua, inakua mpaka inalizunguka zizi zima, na yule msichana amesimama katikati na kibuyu cha maziwa, ananitazama tu.

Mvua zilipokatika nikaenda. Watu walijaa zizini asubuhi hiyo, na karani naye alikuja, ameegemea baiskeli. Mzee alichimba mwenyewe. Alikitoa kigae, akaingiza kidole, akalivunjavunja lile donge la samadi. Kisha akaisugua pete kwenye shuka lake.

Nyeupe. Haikuwa na doa.

Aliiuma. Akaiweka juani. Akainusa, akatazama ng'ombe wake kama wamemsaliti.

"Haiozi," akasema.

"Nilikuambia, baba."

"Nyamaza, nimekubali. Haiozi." Akaipima kiganjani. "Na haizai. Ng'ombe ninaowakosa wangekuwa na ndama mwakani. Hii mwakani itakuwa nini? Itakuwa pete."

Watu wakaguna. Karani akatabasamu. Mzee alikuwa amesema kweli, na madini yote ya Urusi na Makaburu hayana jibu la hilo. Nikaona msichana anamwinamia shangazi yake, dada mkubwa wa mzee, anamnong'oneza. Binti hawezi kumjibu baba yake hadharani. Shangazi anaweza.

Shangazi akapiga makofi mara moja.

"Wewe kaka! Binti anasema kuzaa haikuwa kazi ya pete. Kuzaa ni kazi yake yeye. Au ulitaka kijana aoe ndama?"

Zizi zima likaangua kicheko, mpaka wachungaji waliokuwa nje wakauliza kuna nini. Mzee alijaribu kukunja uso, ukamshinda. Akacheka mpaka akashika nguzo ya lango. Karani aligeuza baiskeli yake bila kuaga.

"Hao ng'ombe utaleta," mzee akaniambia akijifuta macho. "Polepole, lakini utaleta."

"Nitaleta, baba."

Akaletewa maziwa ndani ya kibuyu. Akanywa funda moja, akatutemea mimi na binti yake kifuani kama ilivyo baraka ya kwetu, yakiwa ya baridi, yakashuka mpaka tumboni. Kisha akawaondoa watu langoni, maana jua lilishapanda na ng'ombe walikuwa hawajala.