Kipande cha Saba

Mwaka ule walimu walipogoma nilikuwa kidato cha pili, na msichana asiye na shule wala kazi katika Mji wa Kale ni balaa kwa mtaa mzima. Wiki ya kwanza nilimwambia muuza kahawa kuwa mkewe anamwita, akapanda ngazi za nyumba tatu akimtafuta. Wiki ya pili nilitia chumvi kwenye kopo la sukari la nyumbani. Wiki ya tatu nikamgeukia bibi.

Bibi yangu, mamake mama, alikuwa akiwapimia watu udi. Kwetu mtu hanunui udi wa arusi akaufukiza hivi hivi. Kuna wauzaji wanaochukua mti wowote, wakauchovya kwenye mafuta na rangi, wakauuza kama ule wa kweli ambao utomvu wake umejitunga wenyewe ndani ya mti kwa miaka. Kwa macho hutambui kitu. Basi wanawake walikuja na makopo yao, wengine kutoka mitaa mingine kama Makupa, na bibi akavunja kibanzi kwenye kila kipande, akakiweka juu ya kaa la moto na kusubiri. Kisu hakutia; udi wa arusi, kwake yeye, haukwanguliwi. Udi wa kweli hutoa povu dogo pembeni, moshi wake hauna haraka, na harufu ya mwisho ni tamu kuliko ya kwanza. Wa bandia huanza kwa makeke, kisha mwisho hunuka kile ulichopakwa. Bibi akisema "ni udi," ni udi. Akisema "ni kuni," mwenye kopo hurudi kwa muuzaji na muuzaji habishi. Hakulipwa kwa kazi hiyo. Alichokuwa nacho ni neno lake, na lilimtosha.

Miezi ile alikuwa na mtindo mpya. Kibanzi kikishashika moto huniambia, "Nusa wewe kwanza. Nambie moshi wa mwisho ukoje." Nikanusa, nikamwambia, naye akatoa hukumu. Nilijua ananifundisha. Nilijivuna hadi nikaanza kunusa watu barabarani na kuwaambia kama ni wa kweli au wa bandia.

Jumatatu moja akaja rafiki yake wa tangu utotoni, jirani wa nyumba ya pili, na kopo lenye vipande saba. Bintiye aolewa Ijumaa.

"Nitakuja Alhamisi unipimie, shoga," akasema. "Nikitoka hapa nikamfukizie nguo zake."

Bibi akaliweka kopo rafuni, nami nikaliangalia kama paka anavyoangalia samaki.

Tulikuwa na mbuzi ya kukunia nazi iliyovunjika. Nikakata kijipande kwenye mguu wake, nikakichemsha ndani ya sukari guru mpaka ikaungua, nikakitia matone ya mafuta ya udi ya mama, nikakianika juu ya dari siku mbili. Mwisho nikakipaka polishi nyeusi ya viatu vya shule, viatu ambavyo siku zile havikuwa na kazi. Kilitoka kizuri, wallahi! Nikatoa kipande kikubwa zaidi ndani ya kopo, nikakitia mfukoni, nikaweka changu. Nilishaona mchezo mzima kichwani: bibi ananusa, anapiga ukelele "Nani kaniletea kiatu?", wanacheka, ananifukuza kwa kipepeo cha makaa, namrudishia jirani kipande chake.

Alhamisi baada ya adhuhuri tukakaa watatu chumbani, chetezo katikati. Vipande sita vikapita. Kikaja cha saba. Mwanzo kilinukia vizuri, yale mafuta ya mama. Halafu sukari. Halafu chumba kizima kikanuka kama chumba cha mwalimu mkuu asubuhi ya ukaguzi.

"Nusa," bibi akasema.

Nikainama juu ya moshi, machozi yananitoka kwa kuzuia kicheko. "Mtamu, bibi! Kama asali."

Nikangoja kipepeo.

Bibi akafumba macho, akavuta moshi, akaitikia kwa kichwa. "Ni udi. Tena huu ndio bora yao. Mfukizie mwanao, shoga."

Jirani alikuwa amekunja pua. "Mbona kama..."

"Kama nini?"

"Hapana, shoga. Wewe ndiwe ujuaye."

Akafunika kopo, akavaa buibui lake, akashuka.

"Bibi," nikasema, "hukusikia harufu ya polishi?"

Alikuwa akikusanya majivu.

"Polishi gani?"

Nikamtolea kile kipande cha mfukoni. Akakitazama, kisha akanitazama mimi, na hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Tangu Ramadhani sisikii harufu," akasema polepole. "Hata kitunguu kikiungua. Wewe ulidhani nakwambia unuse kwa nini?"

Nilikuwa nimemdanganya mtu kwa pua yake mwenyewe, maana pua yake ilikuwa mimi. Na lile neno lililomtosha maisha yake yote lilikuwa njiani, ndani ya kopo, likienda kutiwa moto chini ya nguo za bi arusi mbele ya wanawake wa mtaa mzima.

Nikakinyakua kile kipande cha kweli, nikakimbia bila viatu. Nilipofika, nguo zilikuwa zimeshatandazwa juu ya tenga, chetezo chini yake, na jirani ameshika kipande changu kwa vidole viwili. Wanawake kumi na kitu, wote macho kwangu.

"Sicho!" nikapiga ukelele. "Hicho ni cha bandia. Bibi alipima cha kweli. Mimi nilikibadilisha alipokwenda kutia udhu. Hiki hapa."

Ulikuwa uongo, na mtu mmoja mle ndani aliujua. Jirani alikuwa pale chumbani. Hakuna aliyekwenda kutia udhu. Yeye mwenyewe alikuwa amekunja pua. Akakiweka chini kipande changu. Kisha akawageukia wenzake.

"Mwaona shetani huyu? Kule kwa bibi yake kilinukia vizuri, nilikisikia kwa pua yangu mimi."

"Mwizi mkubwa!" mmoja akasema. "Wa kupigwa huyu."

"Na bibi yake alivyo mtu wa watu!"

Habari ilimfikia mama kabla sijafika nyumbani. Jioni ile ile akanishika sikio hadi kwa yule jirani, niombe radhi mbele ya wote, na bibi akaitwa aje asikie. Akaja na bakora yake, akakalishwa kiti cha mbele. Nikarudia yote, kopo, mbuzi ya nazi, polishi, udhu. Nilipofika kwenye udhu sikuweza kuinua macho.

"Ni kweli, mama?" mmoja akamuuliza bibi. "Alikibadilisha ulipotoka?"

Bibi huyu huyu alishawahi kumwambia binamu yake mwenyewe, siku ya arusi, kwamba amenunua kuni. Sasa akatazama sakafu.

"Ni kweli," akasema. "Nilitoka kidogo. Nilikuwa nimekwenda kutia udhu."

Wote wakaitikia. Walimwamini, maana lilikuwa neno lake. Jirani akampa kahawa. Mimi nikasimama pale mlangoni na adhabu aliyonipa mama, miezi miwili bila kutoka ila chuoni kusoma Kurani, nikiona ni kidogo mno.

Walimu wamerudi, nimeingia kidato cha tatu. Wanawake bado huja na makopo. Bibi huwakaribisha, huwaulizia watoto wao, huwapa kahawa, kisha huwaambia ana mafua. Huu ni mwezi wa nane wa mafua. Wakiondoka huniita nimsomee barua au nimtungie uzi kwenye sindano, wala habari ya udi haigusi. Mzaha wa kumwambia ninao mwingi, na kila nikifungua mdomo naukuta umeniishia.