Buibui wa Mama Mdogo

Mama mdogo ni fundi cherehani, na chumba anachoshonea kina giza hata mchana wa jua kali. Zamani alikuwa anatunga uzi kwenye sindano huku anakupigia soga. Siku hizi anaulamba, anaukodolea macho, anakosa, anaulamba tena. Juzi kashona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia. Kwa hiyo akaniomba kitu kimoja tu: nisafishe bustani nyuma ya nyumba, chini ya pasheni zilizotambaa kwenye fito, ahamishie cherehani kwenye mwanga.

Nikamwambia niachie mimi. Neno hilo nimeshalisema gereji, nikalisema kwa kinyozi, nikalisema kwa fundi bomba, na kote huko sipo tena. Hata shule niliiambia hivyohivyo, tukaachana kidato cha pili.

Nilifyeka kidogo tu, nikakutana uso kwa uso na buibui. Si wale wembamba wa darini tuliokua nao. Huyu mnene, ana mistari ya njano na myeusi kama jezi, katulia katikati ya utando mkubwa kama ungo. Nikaweka panga chini. Nikatangaza kazi imesimama kwa sababu za usalama.

Nikampiga picha, nikaituma kwenye kundi letu la simu. Jirani muuza mbegu akajibu kwamba huyo hana neno, anakula wadudu, mwache. Jibu gani hilo? Mtu unapumzikaje na jibu kama hilo? Nikaendelea na utafiti. Nikampata wa kijani kwenye nyanya, anatembea ubavu ubavu. Nikampata mdogo mwenye manyoya, anaruka kama kakanyaga moto. Kila mmoja nikampa cheo na kiwango cha sumu, nimejilaza mkekani. Mtaani wakaanza kuniita Profesa. Nikadhani wananisifia.

Mama mdogo akabaki gizani. Siku aliyojichoma kidole, damu ikadondokea gauni jeupe la mteja, hata hakunigombeza. Alitoka, akasimama mlangoni, akauliza kama leo anaweza kuhama.

Nikamwambia haiwezekani, nimegundua mbaya kuliko wote. Mweusi, miguu kibao, doa jekundu mgongoni, kajificha chini ya fito palepale anapotaka kukaa. Hatikisiki, anavizia. Nikamwonyesha kwa fimbo ndefu, nimejikinga nyuma ya mgongo wake.

Mama mdogo akainama, akasogeza uso karibu mpaka mimi nikafumba macho. Kisha akamwokota kwa vidole viwili.

"Mwanangu, huyu namjua," akasema. "Ni kifungo cha koti la muuza mbegu, na nyuzi zake, na fundo lake jekundu. Nilikitupa mwenyewe na mabaki ya vitambaa."

Nikajaribu kueleza kwamba kwa mbali vinafanana.

"Na mimi ndiye mwenye macho mabovu," akasema.

Nikafyeka. Jioni haijafika nikawa nimeshatoa cherehani nje, kichwani, bila mtu wa kunisaidia kulalamika. Yule wa njano tulimwachia kona yake. Mama mdogo akakaa, akachukua uzi, wala hakuulamba. Ukapita mara moja. Akaangalia utando, akaniangalia mimi, akasema yule mwenzetu walau akianza kitu anakimaliza.

Nikaenda kutafuta fagio kabla hajanilinganisha na kifungo.